KHUTUBA YA IJUMAA: MTOTO ANAYEZIBA MASIKIO

Bismillah. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba watu kwa namna alivyotaka Yeye, bila kutuomba shauri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake, na kila anayefuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ninajiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Allah.

Ijumaa mbili zilizopita wengi wenu mliona jambo lililotokea hapa ndani. Kwa yule asiyekuwapo, lilikuwa hivi. Mama mmoja wa kartie yetu alikuja na mtoto wake mwanaume, wa miaka kama tisa, akamwachia mjomba wake kwenye safu za nyuma. Mikrofoni ilipopiga yowe, kama inavyofanya kila mara grupu ikiwashwa, mtoto aliziba masikio kwa mikono miwili, akaanza kuyumba mbele na nyuma, kisha akalia kwa sauti kubwa. Wazee watatu wakasimama. Mmoja akasema: "Mtoeni, ana jini." Mwingine akasema neno baya kuliko hilo, na sitaliandika kwenye karatasi inayobeba jina la Allah. Mjomba akambeba nje, na watoto wetu wakawafuata wakicheka mpaka barabarani. Tangu siku ile mama yule hajaonekana kwenye darasa la wanawake, wala mjomba hajaonekana kwenye safu.

Mimi nilikuwa juu ya mimbari. Niliona, nikaendelea na khutuba. Na khutuba yenyewe ilikuwa juu ya huruma.

Siku ya Jumatatu nilikwenda kwao. Mama akanipa kiti, akanipa maji, kisha akanikumbusha jambo ambalo mimi nilikuwa nimekwisha kulisahau. Miaka mitatu iliyopita alinijia kuniuliza kwa nini mtoto wake hasemi, kwa nini hamwangalii mtu usoni, kwa nini anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilimwambia amlete asomewe. Tukamsomea wiki sita. Kusoma Qur'ani si kosa, na sijuti hata aya moja. Lakini nilipoona hakuna kilichobadilika, nilimwambia mama aangalie vizuri kama hakuna dhambi nyumbani kwake. Alirudi nyumbani na neno lile. Na Jumatatu akanijibu: "Shekhe, dhambi yangu nimeitafuta miaka mitatu. Mwezi uliopita mama yangu mzazi amekufa, na sikwenda kwenye matanga, maana hakuna mtu anayekubali kukaa na mtoto wangu hata siku moja. Wewe nitafutie mtu huyo, dhambi niachie mwenyewe."

Niliondoka pale nikiwa sina la kusema. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi ya uganga lopitali alinipa karatasi za Kifaransa, nikazisoma kwa usiku kadhaa, akinieleza pale nilipokwama. Ninayowaletea leo ndiyo niliyoyapata humo.

Ndugu zangu, hali ya mtoto huyu ina jina. Kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya inaitwa usonji, na waganga wetu wanaosoma Kifaransa huiita otisimu. Si kichaa. Si kifafa, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Ni namna ubongo unavyojengwa tangu mtoto akiwa tumboni, na inaonekana katika miaka yake ya kwanza. Mtoto anachelewa kusema, au anasema kwa kurudia maneno ya watu. Hageuki akiitwa jina lake, na hali masikio yake ni mazima. Anapenda kitu kimoja na mpango mmoja, ukimbadilishia njia ya kwenda sokoni analia kama amepigwa. Sauti, mwanga, kuguswa na nguo yenye mshono mgumu vinaweza kumwumiza kweli, si kwamba anajidai. Tena hawafanani. Yuko ambaye hatasema neno hata moja maisha yake yote, na yuko ambaye atasoma mpaka chuo kikuu na kufundisha wengine.

Mwaka 1943 munganga mmoja wa watoto wa akili, Leo Kanner, huko Baltimore nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na wengi huhesabu elimu ya jambo hili kuanzia hapo. (Mwanamke mmoja, munganga wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikuwa amekwisha kuandika habari za watoto kama hao tangu 1925, lakini ni wachache waliomsoma. Mambo haya hutokea kwa wanawake hata kwenye elimu.) Leo Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ni watu karibu milioni 62. Tukiwa wanaume na wanawake 500 hapa siku ya Ijumaa, na mwenye usonji ana haki ya kuwa hapa kama sisi, basi wanne kati yetu, au karibu na hapo, wangepaswa kuwa watu wa namna hii. Ninawauliza: wako wapi? Mmoja tulimtoa nje Ijumaa mbili zilizopita. Wengine wamefungwa kwenye parsela, au wamekaa hapa kimya wakijificha, na habari za hao nitazisema katika khutuba ya pili.

Sasa juu ya dhambi ya mama. Niliposoma nilikuta kwamba kosa nililolifanya mimi, maprofesa wakubwa walilifanya kabla yangu, tena kwa vitabu vinene. Kwa miaka mingi, huko Marekani na Ulaya, wazazi waliambiwa kwamba mtoto amekuwa hivi kwa sababu mama yake hakumpenda, ana moyo baridi kama barafu. Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu mwaka 1967 kuyaeneza mawazo hayo, na akasikilizwa sana. Akina mama walilia, wengine walitengwa na watoto wao ati ndiyo dawa. Na hali jibu lilikuwa limekwisha kutolewa: mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kwamba jambo hili linatoka kwenye mwili, si kwenye malezi. Kisha mwaka 1977, Uingereza, Susan Folstein na Michael Rutter wakaangalia mapacha jozi 21. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, wale wa yai moja, jozi nne wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana kabisa, hakuna hata jozi moja iliyokuwa hivyo. Wote walilelewa na mama mmoja, nyumba moja, chakula kimoja. Kama ni moyo wa mama, kwa nini jozi za huku zipate na za kule zikose? Tangu hapo utafiti umeongezeka sana, na wote unaelekea upande huo huo: kwa sehemu kubwa ni urithi wa mwili, kama urefu na rangi ya macho.

Mama yangu, kama karatasi hii inakufikia huko nyumbani, ninakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa. Neno langu lilikuwa la uongo.

Liko na neno la sindano. Hapa kwetu wako wanaosema chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji. Neno hilo lilianza Uingereza mwaka 1998, kwa maandishi ya munganga mmoja, Andrew Wakefield, juu ya watoto 12. Yakachunguzwa, yakaonekana yamepotoshwa, na mwaka 2010 gazeti la waganga lililoyatoa likayafuta, naye mwenyewe akaondolewa kwenye kazi ya uganga. Nchi nyingi zimepima tena kwa watoto wengi mno, hazikukuta kitu. Sisi Wakongomani tunajua surua inafanya nini. Katika ugonjwa ulioanza 2019 walikufa zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo. Pelekeni watoto wachanjwe, tusirudi tena kwenye neno hilo.

Lakini kwetu si profesa wala sindano inayowapa watoto hawa shida kubwa. Kwetu ni neno ndoki. Mnajua watoto wangapi wamefukuzwa nyumbani, huko Kinshasa, Mbuji-Mayi na hata kwenye miji yetu ya huku, kwa sababu walisemwa kuwa wachawi. Mtoto asiyesema, anayecheka peke yake, anayeamka usiku na kutembea, huyo ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya mwezi wa kwanza 2009, kifungu cha 160, inampeleka gerezani anayefanya hivyo. Hiyo ni sheria ya leta. Na sheria yetu je? Sisi tunaamini majini yapo na sihiri ipo. Lakini ni nani aliyetufundisha kumhukumu mtu bila ushahidi, tena mtoto ambaye kalamu ya dhambi haijaanza kumwandikia? Mwenye kumzulia mtu mzima tunadai ashuhudie. Mwenye kumzulia mtoto tunampisha tu.

Ninaongeza moja la faida. Mwaka 2016 waganga wa Kinshasa walitoa utafiti wao juu ya watoto waliofikishwa kwenye kliniki za ubongo za mji ule. Wakakuta usonji miongoni mwa watoto wetu, yaani si ugonjwa wa Wazungu kama wengine wanavyosema, na wakakuta kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na kifafa pia. Usonji hauna kidonge cha kuuondoa, na yule anayekuuzia cha kuuondoa anakula pesa yako. Kifafa kina vidonge, na si ghali kama mnavyofikiri. Basi mtoto anayeanguka apelekwe lopitali, hata kama anasomewa. Mfumu anayekukataza vidonge vya kifafa anaweza kukuulia mtoto.

Aquulu qawli haadha, wa astaghfirullaha lii wa lakum.

KHUTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wa Allah.

Ndugu Waislamu, nilipokuwa nikisoma nilidhani nitakuta habari za dawa. Nilikuta kwamba watu wenye usonji wenyewe, walipoulizwa, hawakuomba hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walitoa hesabu ya pesa zote zinazotumika nchini mwao kwa utafiti wa jambo hili. Zaidi ya nusu zilikuwa zinakwenda kutafuta ubongo na mwili unafanyaje kazi. Wakawauliza watu wenye usonji na wazazi wao kama wanaridhika. Wakajibu: tunataka mtafute namna tutakavyoishi siku kwa siku, tupate kazi, tupate rafiki, tusaidiwe tukilemewa. Sehemu iliyokuwa ikienda huko ilikuwa ndogo mno. Tangu hapo utafiti wa upande huu umeanza kukua, na mwingine unafanywa na watu wenye usonji wenyewe. Ninawaletea machache.

La kwanza. Mwaka 2017, huko Texas, Noah Sasson na wenzake walichukua picha fupi za video, za watu wenye usonji na wasio nao, wakawaonyesha watu wasiowajua. Kwa muda mfupi tu watazamaji wakawapima wenye usonji kuwa hawafai: hatungependa kukaa karibu nao, hatungependa kuzungumza nao. Kisha wakapewa watu wengine maneno yale yale yaliyosemwa, lakini kwenye karatasi tu, bila sauti wala sura. Tofauti ikatoweka. Fikirini jambo hilo. Maneno yao hayakuwa na kasoro. Ni macho ya watazamaji yaliyokunja uso. Nanyi mnajua ni Sura gani katika Qur'ani iliyoshuka kwa ajili ya uso kukunjwa mbele ya mtu mwenye ulemavu, na ni nani aliyekumbushwa ndani yake. Kama yeye, aliye bora wa viumbe, alikumbushwa kwa ajili ya Ibn Umm Maktum, mimi na wewe tunangoja nini?

La pili. Siku zote husemwa kwamba wenye usonji hawawezi kuelewa watu. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosiolojia wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kuna pande mbili: hatuwaelewi ninyi, nanyi hamtuelewi sisi, lakini lawama mnatupa sisi peke yetu. Mwaka 2020, Edinburgh, Catherine Crompton na wenzake wakalipima. Wakapanga watu kwa mnyororo, mmoja anamsimulia wa pili hadithi, wa pili anamsimulia wa tatu, kama watoto wanavyocheza. Mnyororo wa wenye usonji watupu ulifikisha hadithi sawasawa na mnyororo wa wasio nao. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Ni kama Mulega na Mukusu wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake: hakuna aliye bubu.

La tatu ndilo zito. Wako wenye usonji wanaojificha. Wamejifunza kutazama watu machoni ingawa inawachoma, kucheka wengine wanapocheka, kujibu salamu kwa maneno waliyoyakariri. Watafiti wameliandika jambo hilo sana tangu 2017, na wanasema linachosha mtu mpaka anaanguka, anashindwa hata kuoga na kusema. Mwaka 2019 walikusanya tafiti nyingi za nchi nyingi, wakapata kwamba karibu watu 20 kati ya 100 wenye usonji wana ugonjwa wa wasiwasi, na 11 kati ya 100 wana huzuni nzito ya ugonjwa. Hayo si usonji wenyewe. Ni mzigo juu ya mzigo, na mzigo huo wa pili una matibabu. Na huko Cambridge, katika kliniki moja ya watu wazima waliotambuliwa kwa kuchelewa, utafiti wa 2014 uliwauliza zaidi ya watu 360 kama wamewahi kufikiri kujitoa maisha. Watu 66 katika kila 100 walisema ndiyo. Utafiti mwingine wa Uingereza, mwaka 2018, ukaangalia ni kitu gani kinachokwenda pamoja na mawazo hayo. Wakataja kujificha, na wakataja kukosa msaada waliouhitaji.

Ninajua hatupendi kusikia habari hizi msikitini. Tunasema Mwislamu hafikiri hivyo. Basi kama yuko kati yenu anayefikiri hivyo, aje kwangu baada ya Isha, au aende kwa mtu mmoja anayemwamini, na mimi nitakwenda naye lopitali kwa miguu yangu. Sitamwambia imani yake ni ndogo. Nimekwisha kusema neno la namna hiyo mara moja, na mmesikia matunda yake.

Hapa kwetu yuko fundi cherehani mmoja sokoni, wengi mnavaa kanzu alizozishona. Anaswali pahali pamoja tu, kwenye nguzo ya tatu. Ukimkuta mtu amekaa pale anarudi nyumbani. Imamu akitoa salamu, kabla ninyi hamjaanza kupeana mikono, yeye yuko mlangoni anavaa viatu. Watu wanasema ana kiburi. Sisemi ana usonji, mimi si munganga. Nilimwuliza tu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa miaka kumi. Akaniambia: "Shekhe, mikono ile yote kwa mara moja, ninasikia kama ninazama Lualaba." Kisha akaniuliza kama swala yake inafaa. Kupeana mikono baada ya swala si nguzo ya swala, ndugu zangu! Aachwe na nguzo yake ya tatu, na asiyeweza kupewa mkono apewe salamu ya mdomo, inatosha.

Katika Madina alikuwako mwanamke mmoja ambaye akili yake ilikuwa na kitu, ndivyo Anas (r.a.) anavyosimulia katika kitabu cha Muslim. Akamwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anayo haja kwake. Mtume hakumtafutia mtu wa kumwondoa. Alimpa achague mwenyewe njia yoyote ya mji anayoitaka, akasimama naye pale mpaka alipomaliza. Kiongozi wa dola, mwenye wajumbe na vita na wageni! Na ni yeye aliyekuwa akisikia mtoto analia nyuma anafupisha swala, kwa kuona uchungu wa mama. Sisi tulifupisha nini? Tulimfukuza mtoto, tukarefusha khutuba.

Sasa akina mama. Utafiti wa Ethiopia uliotolewa 2016, kwa wazazi na walezi 102, ulikuta aibu na kutengwa kwingi, na wengi wakieleza hali ya mtoto kwa pepo na laana, kama sisi. Lakini huko huko Ethiopia, na Kenya pia, wamepima njia ya kusaidia isiyohitaji munganga mkubwa. OMS iliitengeneza na kuitoa kwa watu wote mwaka 2022. Walezi wanakutana mara tisa kwa kikundi, na wanatembelewa nyumbani mara tatu. Anayefundisha anaweza kuwa infirmye, mwalimu, hata mzazi aliyekwisha kupita huko, akifunzwa. Wanafundishwa mambo ya nyumbani tu: keti chini usawa wa mtoto, ingia kwenye mchezo wake badala ya kumvuta kwenye wako, kama anapanga vifuniko, panga naye. Sema maneno machache. Mwonyeshe kitu unachokitaja. Fanya kazi za siku kwa mpango mmoja, mwambie kabla ya kubadilisha. Akirusha vitu, tafuta alichotaka kusema kwa kurusha. Na sehemu moja kamili ni ya mama mwenyewe, apumzike namna gani, amwombe nani msaada. Njia hiyo ni ya watoto wa miaka miwili mpaka tisa. Mtoto wetu tumemchelewesha kidogo, lakini mengi yanamfaa bado.

Nimezungumza na kamati, na mambo haya tumekubaliana. Mikrofoni tumeishusha, mmeisikia leo. Wa nyuma asiyesikia asogee mbele, nafasi ipo. Mkeka wa pembeni, karibu na mlango wa upande wa bomba la maji, ni wa anayehitaji kutoka na kurudi bila kuruka watu, msiukalie. Mwalimu wa madrasa amekataza kicheko, na amesema atamfundisha mtoto yule peke yake nusu saa kabla ya wengine, kwa herufi za mbao, maana mtoto anapenda kupanga. Tutaona. Infirmye wetu atakuja Jumamosi baada ya Alasiri kuzungumza na wazazi wote wenye watoto waliochelewa kusema au wanaoanguka. Njooni hata kama mnaona aibu. Tutakaa nyuma ya madrasa, siyo barabarani.

Na juu ya ombi la mama yule: akina mama wanne wamejitolea kukaa na mtoto kwa zamu, alfajiri ya Jumanne na Alhamisi, ili aende sokoni, na siku yoyote ya kilio. Wanaume bado hakuna. Mtoto anakua, anahitaji mwanaume wa kumpeleka mtoni kuoga. Nangoja jina moja, nitalipokea hapa mlangoni.

Wazee wale watatu nimekwenda kwao nyumbani. Wawili watakwenda nami Jumapili kwa mama, kumwomba radhi. Wa tatu anasema bado anafikiri.

Ewe Mola, watulize watoto wetu wanaoogopa sauti, wape wazazi wao usingizi, utusamehe tuliyoyasema. Amin. Simameni kwa swala, na yule aliye karibu na grupu aizime kwanza.